Notisi si amri ya korti: kwa wapangaji wa Tena na majirani zetu



Kila mwezi ukishapita tarehe tano, sisi tunaozunguka mtaani kwa kazi hii huanza kupata meseji za aina moja. Msimamizi wa ploti amebandika karatasi mlangoni. Ajenti ametuma ujumbe saa nne usiku. Mwenye nyumba amepiga simu, hakuandika chochote, akasema tu, "Ijumaa nataka nyumba yangu." Halafu mtu anauliza: nihame ama nikae?

Wengi huhama. Hapa Tena nimeona familia zikipakia vitu kwa mkokoteni kwa sababu ya karatasi isiyo na tarehe, isiyo na sahihi, na isiyotaja kosa lolote. Wanahama kwa kuogopa aibu, majirani wasije wakaona magodoro yakitupwa kwenye ngazi. Na mwenye nyumba anajua hivyo. Anajua aibu itamtoa mpangaji haraka kuliko korti.

Kuna jambo moja ningependa kila mpangaji wa Eastlands alijue kama anavyojua namba yake ya simu: notisi si amri. Notisi ni mwenye nyumba kukwambia kwamba anataka kumaliza mapatano yenu. Amri ya kukutoa ni karatasi nyingine kabisa, na hiyo hutoka kortini ama kwa baraza lililopewa nguvu na sheria. Kati ya karatasi hizo mbili kuna safari, na katika hiyo safari wewe una haki ya kusikizwa. Mwenye nyumba akiiruka, akaja na kufuli lake, ama nyundo, ama vijana wa kukodi, amejichukulia sheria mkononi.

Hata kama unadaiwa. Hapo ndipo watu hunyamaza, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Deni la kodi ni deni kweli, na mwenye nyumba ana njia zake za kulidai. Anaweza kukushtaki. Anaweza kutumia Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, Sura ya 293, ambapo dalali wa mnada mwenye leseni anakuja, anaandika vitu vyako, na unapewa muda wa kulipa kabla havijauzwa. Dalali mwenye leseni, si binamu ya ajenti. Kile ambacho deni halimpi ni ruhusa ya kung'oa mlango wako saa kumi na mbili asubuhi ukiwa umelala na watoto.

Sasa tuje kwa muda wa notisi. Ingia kinyozi chochote hapa uulize notisi ya nyumba ni ya muda gani, utapata majibu manne. Wiki moja. Mwezi. Miezi miwili. Miezi mitatu. Cha kushangaza ni kwamba wengi wao wamesikia kitu cha kweli, ila wamekipeleka mahali si pake.

Miezi miwili ni ya biashara. Inatoka kwa Sura ya 301, ile sheria ya maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula. Kama una duka pale chini ya ghorofa, soma hiyo, maana una ulinzi mzuri kuliko yule anayelala juu yako. Miezi mitatu iliingia kwa Sheria ya Ardhi kupitia marekebisho ya 2016, na inahusu watu wanaokaa kwenye ardhi bila kibali cha kisheria. Hao wanapewa notisi ya miezi mitatu, na siku ya kuondolewa lazima maafisa wa serikali wawepo, wajitambulishe, waonyeshe idhini, na utu wa watu uheshimiwe. Ni ulinzi mzuri na watu waliteseka sana kabla haujapatikana. Lakini mtu na risiti zake za miaka sita mkononi ana haki ya kushangaa kwa nini muda wake ni mfupi kuliko huo.

Wiki moja ni desturi ya maajenti, ni ya kutishia. Labda wewe mwenyewe ulitia sahihi mkataba unaosema siku saba bila kuusoma, na wengi wetu hatusomi. Tunaangalia bei, tunaangalia kama maji yanafika juu, tunatia sahihi.

Kwa mpangaji wa kawaida wa Tena, anayelipa kila mwezi na hana mkataba ulioandika muda wa notisi, jibu liko Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Sheria inasema kukodisha kwako kunahesabiwa kwa kile kipindi unacholipia. Ukilipa kwa mwezi, basi notisi haiwezi kuwa chini ya mwezi, na lazima iishe siku ya kulipa kodi. Hiyo sehemu ya pili watu huisahau, na ndiyo tamu. Chukua mfano. Unalipa kila tarehe moja. Mwenye nyumba anakupa notisi tarehe 10 Machi. Mwezi mzima unaisha tarehe 10 Aprili, lakini tarehe 10 si siku yako ya kodi. Kwa hivyo notisi hiyo inafika mwisho tarehe 1 Mei, si kabla. Ukiambiwa "mwisho wa mwezi huu uwe umetoka", hiyo hesabu haijakamilika na unaweza kumwandikia hivyo, kwa adabu, ukitaja kifungu.

Na kama anasema umevunja mapatano, labda umeweka mpangaji mwingine ndani ama hujalipa, Kifungu cha 75 cha sheria hiyo hiyo kinataka notisi itaje kosa lenyewe. Kama ni kosa linaloweza kurekebishwa, upewe muda wa kulirekebisha. Karatasi inayosema "hama, nimechoka na wewe" haitoshi.

Kitu kingine: hiyo siku yote kutoka unapopewa notisi hadi inapoisha, wewe bado ni mpangaji. Kifungu cha 65 kinamfunga mwenye nyumba akuache ukae kwa utulivu mpaka mwisho. Maji yasikatwe. Stima isizimwe. Choo kisifungwe. Nasema hivi kwa sababu mbinu ya siku hizi haina kelele. Hakuna anayekupiga. Unaamka tu mfereji umekauka kwenye nyumba yako peke yake.

Mwaka jana dada mmoja hapa, ana watoto wawili, alikatiwa maji siku ya pili baada ya kupewa notisi ya mwezi. Hakuwa na deni hata shilingi. Nyumba ilikuwa inataka kuvunjwa ijengwe ghorofa, na waliokuwa wamebaki walikuwa wanachelewesha mambo. Kwa wiki mbili alinunua maji ya mtungi, ya kupika, ya kuoga watoto, ya udhu, ya kufua. Hesabu ilipomshinda akahama, na depo yake hajaiona mpaka leo. Tulipomwambia angeweza kupeleka jambo hilo mbele, alituuliza swali ambalo sikuwa na jibu la haraka: "Nani ashawahi kushinda hiyo kesi?"

Wapo walioshinda, na si mbali. Ni Muthurwa, pale mnaposhukia mkienda tao. Ile mitaa ya nyumba za reli ilikuwa mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Shirika la Reli, na wapangaji wengi walikuwa wamekaa pale miaka mingi. Julai 2010 mfuko uliwapa notisi ya siku 90. Siku 90 ni nyingi kuliko ambazo yeyote kati yetu amewahi kupewa. Lakini kabla hazijaisha, kazi ya kubomoa ikaanza na huduma za maji zikakatwa, watu wakiwa bado ndani. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu.

Tarehe 30 Agosti 2013, Jaji Isaac Lenaola alitoa uamuzi kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, na msingi ulikuwa Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kile kinachompa kila mtu haki ya makao ya kutosha na usafi unaofaa. Akalalamika pia kwamba nchi haina sheria ya kueleza watu wahamishwe vipi. Ile ya 2016 niliyotaja juu ilikuja baadaye.

Lakini soma uamuzi huo kwa makini kabla hujaanza kuwaambia watu kwamba korti itawapa nyumba. Haikuwapa. Mfuko ulibaki kuwa mwenye mali, na haki yake ya kuichukua haikufutwa. Mahakama ilitaka pande zote zikae chini na kupanga jinsi ya kuondoka, ili watu watoke kama watu. Mimi naona huo ndio ushindi unaotufaa. Hakuna kijana wa Tena niliyemsikia akidai kuishi bure kwa nyumba ya mtu. Wanachotaka ni muda wa kutafuta keja nyingine, muda wa kumaliza muhula wa shule ya mtoto, na depo yao irudi ili waweze kulipa depo ya kule wanakokwenda.

Sasa tatizo kubwa, na hapa lawama yangu si kwa mwenye nyumba, ni kwa Bunge.

Tuna sheria ya zamani inayowalinda wapangaji wa nyumba za kuishi, Sura ya 296, ya mwaka 1959. Ni kali kweli. Chini yake mwenye nyumba hawezi kukutoa mpaka aende kwa Baraza la Kodi, ambalo wengi mnalijua kama traibunali. Lazima ataje sababu inayokubalika na sheria, na hata akiwa nayo, Baraza liridhike kwamba ni haki kukutoa. Mwenye nyumba anayemtoa mtu bila idhini ya Baraza, ama anayemsumbua kusudi ili ahame au alipe zaidi, anafanya kosa la jinai. Umesoma vizuri. Kukata maji ili mpangaji atoke kunaweza kumpeleka mwenye nyumba kizimbani.

Sasa uliza inalinda nani. Inalinda nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hiyo kodi ya kawaida inapimwa kwa kurudi Januari 1981. Elfu mbili na mia tano! Nitafutie bedsita ya bei hiyo Tena, Umoja ama Donholm, nitakununulia chakula cha mchana wiki nzima. Wakati huo pesa hiyo ilikuwa inalipa nyumba ya mtu mwenye kazi nzuri. Leo wanaofikiwa na ulinzi huo ni wale wa chumba kimoja cha mabati, nao ndio wa mwisho kujua kwamba Baraza lipo. Sheria haikufutwa. Imeachwa tu pale pale, bei za nyumba zikapanda zikaipita, na hakuna mbunge aliyepoteza kura kwa hilo.

Kulikuwa na Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa 2021, uliotaka kuunganisha hizi sheria tatu, Sura ya 293, ya 296 na ya 301, ziwe moja. Ulipingwa, ulijadiliwa, na haukuwa sheria. Haukuwa mswada mkamilifu, lakini ungetupatia mlango mmoja wa kubisha. Sahii mpangaji wa Tena anayelipa elfu kumi na mbili hana Baraza. Anaelekezwa kortini, kwa hakimu mwenye mamlaka ya mambo ya ardhi ama Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na pale anahitaji wakili, ada, na siku za kukosa kazi. Kwa mtu wa kibarua hiyo ni sawa na kumwambia hana mahali.

Ndiyo maana nasema wale wanaokuja mtaani kwetu wakitaka kura waulizwe swali moja lisilo na kona: kile kipimo cha 2,500 utakipandisha hadi ngapi, na lini? Mtu akikujibu kwa kusema atajenga kisima, muulize tena.

Kuna kundi jingine ambalo notisi huwapiga mara mbili. Ni vijana wetu waliokaa miaka wakizungushwa kupata kitambulisho, wakiulizwa babu wa babu alizaliwa wapi. Mtu huyo hukodi nyumba kwa jina la rafiki, analipa kwa laini ya shemeji, risiti ina jina ambalo si lake. Siku ya mzozo mwenye nyumba anasema, "Mimi simjui huyu." Wengine wanaambiwa wazi, toka ama niite polisi waangalie makaratasi yako. Kama unaishi hivyo, hata leo mwombe aliyeandikwa kwenye mkataba akuandikie barua fupi kwamba wewe ndiye unayekaa na kulipa, na mwenye nyumba ama msimamizi aione. Tena kaa karibu na jirani atakayesema anakujua. Jirani ni shahidi.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Wenye nyumba wa hapa si wote matajiri. Wapo wazee waliostaafu, waliojenga ghorofa kwa mkopo wa sako, na kodi ya vyumba kumi ndiyo dawa yao ya presha. Na wapo vijana wetu, tuseme ukweli, wanaokaa miezi mitatu bila kulipa, halafu usiku mmoja wanahepa na kuacha bili ya maji. Kile Kifungu cha 57 hakimfungi mwenye nyumba peke yake. Wewe pia unatakiwa utoe notisi ya mwezi, inayoisha siku ya kodi. Ukihepa, umempa ajenti sababu ya kumdai mpangaji anayefuata depo ya miezi miwili. Na wenye nyumba Waislamu, maana wapo wengi na wengine wanasoma ukurasa huu, mapatano ni mapatano hata kama yalifanywa kwa mdomo pale mlangoni.

Basi ukipata notisi leo ufanye nini? Ipige picha. Kama ni simu, jibu kwa meseji: "Umenipigia leo tarehe fulani ukaniambia nihame, naomba uniandikie sababu na tarehe." Ni meseji ya kawaida, lakini imeshageuza maneno ya mdomo kuwa ushahidi. Kusanya risiti na meseji za M-Pesa. Kama unadaiwa, andika pendekezo la kulipa na tarehe, kisha ulipe hata kidogo. Korti humsikiza vizuri mtu aliyejaribu.

Nenda kwa chifu kama unaona mnaweza kupatanishwa. Chifu anaweza kuwakalisha chini, na mara nyingi husaidia. Lakini hana mamlaka ya kutoa amri uhame, kwa hivyo asikuandikie tarehe ya kutoka. Wakija kukutoa kwa nguvu, swali lako ni moja na uliulize kwa sauti ya chini: "Iko wapi amri ya korti?" Omba uisome. Angalia kama ina muhuri, namba ya kesi, na jina lako. Usipigane na vijana waliotumwa, wao wamelipwa tu. Mtu mwingine arekodi.

Wakikufungia nje, nenda kituo cha polisi uandikishe na utoke na namba ya OB. Utaambiwa, "Hiyo ni kesi yenu ya nyumba, si ya polisi." Kubali kwamba deni si la polisi, lakini mlango uliovunjwa na vitu vilivyopotea ni vya polisi, na sisitiza viandikwe. Kwa msaada wa kisheria bila malipo jaribu Kituo cha Sheria, ama Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Wakili anaweza kuomba amri ya muda ya kuzuia usitolewe mpaka usikizwe. Wahi mapema, kabla ya ile tarehe, si baada ya vitu kuwa nje kwenye mvua.

Kama ni depo tu unayodai na ulishahama, iangalie Mahakama ya Madai Madogo. Inachukua madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi inatakiwa iishe kwa siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Haitakusaidia kubaki ndani ya nyumba, lakini kwa pesa yako iliyokwama ni mlango mzuri, na ni wachache sana hapa mtaani wameubisha.

Kitu cha mwisho ni cha wale ambao hawajapata notisi. Mkiwa ploti moja ya vyumba ishirini, fungueni kundi la WhatsApp la wapangaji peke yao, msimamizi asiwemo. Wekeni humo nakala ya mkataba mmoja, picha za risiti, na siku maji yalipokatwa. Wapangaji wa Muthurwa waliingia kortini pamoja. Yule dada wa hapa Tena alikuwa anabeba mitungi peke yake, na kwenye ngazi hiyo hiyo kulikuwa na nyumba nyingine nne zilizokatiwa maji wiki ile ile. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Na kama kuna notisi kwenye simu yako sahii, usiifute kwa hasira. Iandike kwenye karatasi, weka tarehe uliyoipokea, kisha hesabu mpaka siku yako ya kodi.